Asiyepewa Haluli

Nyapara wa shamba nililokulia alikuwa na debe la haluli, ile chumvi chungu ya kuharisha, na kwa debe hilo alijiita daktari. Shamba lilikuwa upande wa Keringet, mali ya mzungu mmoja aliyelima pareto na ngano, nasi tulikaa kwenye laini, vibanda vya wafanyakazi vilivyobanana karibu na boma la ng'ombe. Asubuhi sahani kuukuu ya chuma ya plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe, iliyoning'inizwa mtini ikigongwa kama kengele, wenye afya walisimama upande mmoja, na waliodai kuumwa upande wa pili. Nyapara alipita kwa hao wa pili na mugi ya bati. Hakuuliza mtu anaumwa wapi. Alichota, akakoroga kwa kidole, akampa. Kanuni yake ilikuwa moja na hata sisi watoto tuliijua kwa moyo: mgonjwa wa kweli atakunywa, mwongo atakimbilia kazini.

Na kweli wengi walikimbia. Kichwa, kifua, jicho, mguu uliokatwa na jembe, yote yalitibiwa kwa mugi ile. Bwana mwenye shamba aliipenda sana tiba hiyo kwa sababu haikumpunguzia watu, na kila debe likiisha alinunua lingine. Lakini nisimsingizie mzungu peke yake. Sisi wenyewe tuliikubali. Jioni watu walisifiana motoni kwamba fulani kanywa bila kukunja uso, na aliyekunywa aliheshimiwa kama aliyetoka jandoni. Kunywa haluli ndiko kulikokuwa ushahidi wako, na bila huo hukuwa na neno.

Kaka yangu alikuwa mwendesha ng'ombe wa plau. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyetulisha mimi na mama. Alikuwa mtu wa mizaha. Alimpa kila ng'ombe jina la mmoja wa wazee wa kanisa, na akawa anawatukana kwa majina hayo mchana kutwa pasipo mtu kumshtaki. Hakuwahi hata siku moja kusimama upande wa wagonjwa. Ndiyo maana aliposimama huko, watu walicheka.

Nakumbuka ugonjwa wake ulivyokwenda, na sasa naweza kuusimulia kama tulivyofundishwa baadaye hospitalini kusimulia ugonjwa. Ulianza jioni, kitovuni, kama mtu aliyeshiba vibaya. Akakataa ugali. Akatapika. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamehamia upande wa kulia, chini, karibu na nyonga, na alitembea ameinama, amejishika hapo kwa kiganja. Alikuwa na homa. Hakutaka kukohoa, kwa maana kikohozi kilimchoma. Alikwenda hivyo mpaka mtini. Nyapara akamtazama akasema, "Leo hata wewe umechoka na plau?" Watu wakacheka tena.

Kaka akanywa. Na kwa vile walikuwa wakicheka, akaomba ya pili.

Nimelitafuna jambo hilo maisha yangu yote. Aliomba mwenyewe, kwa kiburi, ili aaminike. Nyapara akamchotea, akasema kwa sauti kubwa, "Huyu sasa ni mwanamume." Alasiri hiyo maumivu yakakatika ghafla. Kaka akakaa, akatabasamu, akaomba uji. Nyapara alipita mlangoni kwetu akamwambia mama, "Unaona? Dawa yangu haishindwi. Kesho plau." Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kufulia, macho yamezama, mikono ya baridi. Mama alikwenda kuomba lori. Akaambiwa lori linapakia pareto. Kaka alifariki jua likiwa bado juu.

Kama nyapara angenyamaza, labda ningemsahau. Lakini dawa yake haikushindwa, kwa hiyo alihitaji sababu nyingine ya kifo. Siku ya tatu alitangaza chini ya ile sahani ya plau kwamba gunia moja la mahindi ya mbegu limekutwa limetobolewa ghalani. Mahindi ya mbegu yalitiwa sumu ya wadudu, kila mtu alijua. "Kijana aliponywa na haluli yangu," akasema, "halafu akaenda kula ya wizi." Akaongeza na methali, kwamba siku za mwizi ni arobaini. Hakuna aliyeuliza swali. Tangu siku hiyo mama alikuwa mama wa mwizi. Jirani aliyekuwa akipepeta mahindi nje alivuta ungo wake ndani mama akipita. Mama aliendelea kuchuma pareto, na mimi nikaendelea na shule ya misheni nikiwa na jambo moja tu kichwani: nataka mtu huyu atamke kwa kinywa chake, pale pale, kwamba kaka yangu hakuiba. Sikutaka afe. Kufa ni rahisi mno.

Kwa baraka za mchungaji na jeuri yangu mwenyewe nilipata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali moja ya Nakuru. Miaka ile ilikuwa ya pasi na kafyu, hukwenda mbali na geti bila karatasi, kwa hiyo burudani yetu ilikuwa masomo. Mwalimu wetu alikuwa Sista mmoja wa Kiingereza, mrefu, soksi nyeupe, Kiswahili chake cha kuamrisha farasi. Kila Ijumaa mchana alituketisha kwenye nyasi nyuma ya chumba cha kufulia, kapu la bendeji zilizofuliwa katikati yetu. Bendeji hazikutupwa siku hizo. Zilichemshwa, zikaanikwa, zikaviringishwa upya. Tuliviringisha huku akirusha maswali, na ukikosa jibu, bendeji uliyomaliza kuviringisha ilifunguliwa, ukaanza upya. Wapo walioondoka jioni bila hata moja.

Nilikuwa mkali kwenye mchezo ule. Mbu gani huleta malaria? Jike la anofelesi. Safura huingilia wapi? Nyayoni, mtu akitembea peku kwenye uchafu. Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini? Wajinga walisema ini, wajinga zaidi wakasema moyo, ni ngozi. Pepopunda hukaza wapi kwanza? Taya. Mtoto ana tumbo kubwa, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, je, amelishwa kupita kiasi? Hapana, amekosa maziwa, nyama na maharagwe. Damu hutengenezwa wapi? Ndani ya uboho wa mifupa. Nilipenda majibu mafupi. Maisha ya laini hayakuwa na majibu mafupi. Kila kitu kilikuwa labda ni Mungu, labda ni jirani.

Ijumaa moja Sista akarusha hili: "Maumivu imeanza kitovu, imehama kulia chini, iko homa, iko tapika. Ugonjwa gani?"

Mwenzangu akajibu, "Apendiksi, Sista. Kidole tumbo kimevimba."

"Dawa gani hapana pa huyu mgonjwa, hata kidogo?"

Sista akatutazama mmoja mmoja, akajibu mwenyewe. "Haluli. Chumvi ya kuharisha. Ukipa, apendiksi napasuka. Na kama maumivu nakwisha mara moja, mgonjwa mepona?"

"Amepona, Sista," nikasema mimi. Mimi, mkali wa maswali.

"Hapana. Mepasuka. Sasa nakufa. Fungua bendeji yako."

Niliifungua. Iliniponyoka ikaanguka nyasini, ikabidi ikafuliwe tena. Wenzangu walidhani nimeona aibu kwa kukosa. Kumbe nilikuwa nikiuona mlango wetu, na nyapara amesimama hapo akisema dawa yake haishindwi. Hasira iliyonishika siku hiyo ilikuwa safi kabisa, haikuwa na shaka hata chembe, na kusema kweli ilinifurahisha. Kabla ya hapo nilikuwa na chuki tu. Sasa nilikuwa na jibu.

Nilipopewa likizo ya Krismasi nilirudi shambani na gauni langu jeupe limepigwa pasi. Watu walidhani nimekuja kujionyesha. Wengine walidhani nimekuja kufundisha usafi, kwa sababu tuliambiwa tukienda kwetu tufundishe watu kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Mimi nilikwenda kulipiza kisasi, na silaha yangu ilikuwa watoto wa laini.

Niliwakusanya jioni karibu na birika la ng'ombe nikawafundisha mchezo wa maswali. Nilianza na mbu, nikaenda kwa safura, nikaenda kwa pepopunda. Watoto wa laini hawakuwahi kuulizwa kitu ambacho jibu lake walilijua, kwa hiyo walishikwa na wazimu wa furaha. Nilipoona wamekolea, nikawapa swali langu. Niliwafundisha waliitikie kwa pamoja, kwa kupiga makofi.

"Tumbo limeanza wapi?"

"Kitovuni!"

"Likahama wapi?"

"Kulia, chini!"

"Mgonjwa asipewe nini?"

"Haluli!"

"Akipewa?"

"Kinapasuka!"

"Maumivu yakikatika ghafla, amepona?"

"Hajapona! Hospitali!"

Sikumtaja kaka yangu. Sikuhitaji. Watu wazima walikuwa wakipika milangoni, na kila mmoja alikuwepo asubuhi ile mtini. Siku ya pili ya mchezo niliona mwanamke mmoja ameacha kukoroga ugali, mwiko umesimama kwenye sufuria, anamtazama mama yangu.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa binti wa nyapara, kitinda mimba wake, mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye pengo na sauti ya tarumbeta. Alikwenda nao mchezo nyumbani. Alimwimbia mama yake jikoni, akawaimbia kuku, akamwimbia baba yake akivua buti. Nilikaa mlangoni kwetu nikasikia "Akipewa?" na "Kinapasuka!" ikitoka ndani ya nyumba ya nyapara yenyewe, nikala chakula changu kwa raha ambayo sijaipata kwenye harusi yoyote.

Alikuja kesho yake, koti la bwana mabegani. "Wewe msichana, hawa watoto unafundisha nini?"

"Masomo ya hospitali, mzee."

"Hiyo ya haluli iache."

"Kwa nini, mzee? Ni uongo?"

Akaenda kunishtaki kwa memsahib, mke wa bwana, na hapo ndipo Mungu aliponionyesha kwamba ana utani. Memsahib alikuja na gari lake, akawasikiliza watoto, hakuelewa hata nusu, akapiga makofi, akawagawia peremende na kuagiza waimbe kila Jumapili baada ya ibada. Nyapara alisimama kando na kofia mkononi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hata hivyo hakusema lile neno nililolitaka. Likizo ikaisha, nikarudi Nakuru nikiwa nimeshiba nusu.

Msimu wa pareto uliofuata, lori la shamba lilisimama mbele ya hospitali badala ya kwenda moja kwa moja kiwandani. Nilikuwa nikitoka wodini na trei. Niliona mtu akishuka kutoka juu ya magunia, vumbi la maua limemjaa mpaka kwenye nyusi, amebeba mtoto amemfunika na lile koti. Sikumtambua mpaka alipopiga chafya, kwa maana alipiga chafya kwa ile sauti aliyotumia kutuamrisha. Binti yake alikuwa amejikunja, mkono wa kulia umeshika pale ninapopajua.

Aliponiona alisimama. Hakuniita msichana.

"Sista," akasema, "mimi sikumpa."

Nilijua anasema nini, lakini nilitaka aseme. "Hukumpa nini?"

"Haluli. Hata tone. Mama yake alitaka, mimi nikakataa. Huyu mtoto mwenyewe ameshika hapa akaniambia, baba, ni kulia chini, nipeleke hospitali."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Nilimwonea mtoto, nikamchukua mikononi, nikakimbia naye kwa daktari, na kabla jua halijasogea sana alikuwa amepelekwa chumba cha upasuaji. Yule baba sikumwonea. Kumwona ameshikwa na hofu kulinipendeza. Na papo hapo hasira ikanipanda upya, kwa kuwa niliufundisha ule wimbo ili umchome, nao ulikuwa umemwokolea mwana. Yeye alipewa jibu kabla ya mtihani. Kaka yangu nani alimpa?

Alikaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa na nafasi kidogo kabla ya zamu ya dawa. Nikaenda nikasimama mbele yake, mikono nyuma kama Sista, nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Yule kijana wa plau. Tumbo lake lilianza wapi?"

Akanitazama. Nilidhani atainuka. "Kitovuni," akasema.

"Likahama wapi?"

"Kulia."

"Akapewa nini?"

Alikuwa akifuta vumbi la pareto kwenye kofia yake, na halikuwa likitoka. "Mbili," akasema. "Mimi nilimpa mbili."

"Na mahindi ya mbegu?"

"Ile gunia ni panya ilitoboa. Nilijua ni panya."

Basi. Jibu lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumzomea, na sikumzomea. Nikamwambia, "Mimi sitaki asante yako, wala kondoo wa fidia. Binti yako akitoka mle ndani mzima, utakwenda kuyasema hayo chini ya sahani ya plau, watu wote wakisikia na mama yangu akiwepo. Na asipotoka mzima, utakwenda kuyasema vilevile."

"Bwana atanifukuza."

"Akufukuze."

Nilitaka sana niwepo akiyasema. Nilipanga kuomba ruhusa ya siku moja, nipande lori, nisimame mbele kabisa, nimtazame usoni neno kwa neno. Niliichagua hata leso nitakayovaa. Nilimwambia asubiri mpaka nipate ruhusa, tutakwenda pamoja.

Daktari alitoka akasema kidole tumbo kilikuwa kimevimba lakini hakijapasuka. Mtoto atapona. Kesho yake asubuhi nilipoingia zamu, benchi lilikuwa tupu. Walinzi wakaniambia yule mzee ameondoka alfajiri na lori la kwanza.

Nilijua ametoroka. Nilimtukana kimoyomoyo kwa kila tusi la laini na mengine niliyojifunza mjini. Binti yake alikuwa ameamka, dawa ya usingizi ikimchafua moyo, anatapika, analia kwamba mshono unamkata. Nilimshika paji la uso kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine. Nilikuwa mpole kwake, lakini upole wa meno yaliyoumana. Alipotulia aliniuliza, "Nilijibu vizuri?" Nikamwambia ndiyo, amejibu vizuri, alale.

Mama alikuja wiki ile ile. Alikuwa hajawahi kuja Nakuru kuniona. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya chumba cha kufulia, akafungua viazi alivyovibeba, vimepoa, akaniambia nile kwanza. Ndipo akaniambia.

Nyapara alifika shambani asubuhi hiyo hiyo, lori likiwa bado linanguruma, watu wakiwa bado wamepanga mistari. Alikwenda mwenyewe kugonga sahani ya plau. Alisema kijana hakuiba, gunia lilitobolewa na panya, na kwamba alimpa mgonjwa haluli mbili, nazo ndizo zilizomwua. Halafu akalichukua lile debe akalimwaga mbele ya bwana. Bwana alimfukuza kabla ya saa ya chakula.

"Alisemaje hasa?" nikamwuliza mama. "Maneno yenyewe?"

"Si ndiyo hayo nimekuambia."

"Sauti ilitetemeka? Alipiga magoti? Mama, uso wake ulikuwaje?"

Mama alikuwa akimenya kiazi, ganda jembamba, polepole. "Mimi sikuangalia, mwanangu. Aliposema tu kwamba hakuiba nilijifunika leso nikalia, na nilipoifunua alikuwa ameshaenda."

Nilimtazama mwanamke yule aliyevutiwa ungo miaka yote ile. Nilihesabu saa kichwani. Wakati sahani inagongwa Keringet, mimi nilikuwa nimeinamia beseni, nimemshika mtoto wake asijisonge. Nimezeeka na kisasi changu kilichotimia, na bado kinanikera. Watu wote wa laini waliuona uso ule isipokuwa mama na mimi.